Njia za Metali Nzito katika Nta ya Nyuki Irudishwayo Mzingani: Ufafanuzi kwa Kurejelea Mikocheni na Viunga vya Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna metali nzito, hususani risasi, kadimiamu, shaba na zinki, zinavyoingia katika nta ya nyuki, zinavyokaa humo na zinavyorudi mzingani pale nta hiyo inapotumika tena katika ufugaji. Mazingira yanayorejelewa ni Mikocheni na maeneo mengine ya Dar es Salaam ambako makazi, barabara, viwanda vidogo na karakana vimekaribiana. Hoja kuu ni kwamba nta haichafuliwi mara moja tu, wakati nyuki anapoleta vumbi kutoka malishoni. Huweza kuchafuliwa tena kila inapoyeyushwa katika chombo kisichofaa, na uyeyushaji wa kawaida hauiondoi metali iliyokwisha kuungana na asidi za nta. Kwa sababu hiyo, makala yanapendekeza kwamba uchunguzi wa nta utenganishe mchango wa mazingira na mchango wa chombo, na kwamba nta irudishwayo mzingani iwekewe masharti yake yenyewe badala ya kutegemea masharti ya asali.

1.0 Utangulizi

Linapotajwa zao la nyuki, Mtanzania wa kawaida hufikiria asali. Nta huonekana kuwa kile kinachobaki baada ya asali kukamuliwa. Hata hivyo, kwa muda mrefu nta imekuwa bidhaa ya biashara ya nje ya nchi hii, na mikoa ya Tabora, Kigoma, Singida na Katavi imejulikana kwa zao hilo sawa na inavyojulikana kwa asali. Sifa ya nta hiyo imetokana kwa kiasi kikubwa na utaratibu wa ufugaji wenyewe. Mfugaji anayetumia mzinga wa gogo au wa gome hukata sega zima, hukamua asali, huyeyusha nta na kuiuza. Nyuki hulazimika kujenga masega mapya kwa nta mpya waliyoitoa mwilini mwao. Katika utaratibu huu nta hutoka mzingani na hairudi.

Utaratibu huo haubaki vilevile pale mfugaji anapoanza kutumia mizinga ya maboksi. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002 ziliweka msingi wa kuiendeleza sekta hii kibiashara, na mizinga ya viunzi imekuwa sehemu ya maendeleo hayo. Katika mzinga wa fremu, mfugaji huweka karatasi nyembamba ya nta iliyochapwa alama za vijumba ili nyuki waanzie hapo kujenga sega. Katika mzinga wa viunzi vya juu, hupaka mstari wa nta iliyoyeyushwa kwenye kila kiunzi ili kuwavutia nyuki na kuwaelekeza. Katika hali zote mbili nta iliyotoka mzinga mmoja huingia katika mzinga mwingine. Faida yake iko wazi, kwa kuwa nyuki hutumia asali nyingi kutengeneza nta, na kila kipande wanachopewa huwapunguzia kazi. Lakini kinachorudi mzingani si nta peke yake. Kila kilichomo ndani ya nta hiyo hurudi pamoja nayo.

Swali linaloongozwa na makala haya ni hili: metali nzito huingia wapi katika safari hiyo ya nta, na ni mahali gani panapoweza kuzuiwa? Makala ni ya ufafanuzi. Yanaunganisha kemia ya nta, taarifa zilizochapishwa kuhusu mazingira ya Dar es Salaam na tafiti za nchi nyingine kuhusu nyuki, kwa lengo la kujenga kiunzi ambacho mtafiti anaweza kukitumia anapopanga kuchukua sampuli.

2.0 Ufafanuzi wa istilahi

Istilahi "metali nzito" hutumika kwa wingi, lakini mipaka yake si thabiti. Ufafanuzi wa kawaida huiweka katika kundi hilo metali yenye densiti inayozidi takriban gramu 5 kwa sentimita moja ya ujazo. Mwaka 2002 mwanakemia John Duffus aliihoji istilahi hii katika jarida la Pure and Applied Chemistry, kwa hoja kwamba densiti haielezi sumu ya metali. Hoja hiyo ina uzito katika mjadala huu. Shaba na zinki ni metali nzito kwa kigezo cha densiti, lakini viumbe huzihitaji kwa kiasi kidogo. Risasi na kadimiamu hazina kazi inayojulikana katika mwili wa nyuki wala wa binadamu. Alumini ina densiti ya gramu 2.7 tu, hivyo haimo katika kundi hili, ingawa inaingia katika mjadala kupitia sufuria. Katika makala haya istilahi hiyo inatumika kwa maana finyu, ikirejelea risasi, kadimiamu, shaba na zinki, na kila metali inajadiliwa kwa tabia yake.

Neno "risasi" linahitaji tahadhari ya ziada, kwa kuwa katika matumizi ya kila siku humaanisha pia kitu kinachofyatuliwa na bunduki. Hapa linamaanisha metali yenyewe, ile inayopatikana katika betri za magari, katika lehemu ya zamani na katika chubwi za wavuvi.

3.0 Nta ni kitu gani kwa mtazamo wa kemia

Nyuki kibarua hutoa nta kupitia jozi nne za tezi zilizo upande wa chini wa fumbatio lake, hasa akiwa na umri wa takriban siku 12 hadi 18. Nta hiyo hutoka ikiwa vigamba vidogo vyeupe. Nyuki huvitafuna, huvichanganya na mate na kuvijenga kuwa vijumba. Nta ni mchanganyiko wa esta, haidrokaboni na asidi huru za mafuta, na huyeyuka kwenye nyuzijoto za kati ya 62 na 65 za Selsiasi.

Sehemu muhimu kwa mjadala huu ni asidi huru. Zinapokutana na metali au oksidi za metali katika hali ya joto, asidi hizo huweza kuunda chumvi ambazo kemia huziita sabuni za metali. Wafugaji wazoefu huiona dalili ya jambo hili bila maabara: nta iliyoyeyushwa katika chombo cha shaba huelekea rangi ya kijani, na iliyoyeyushwa katika chombo cha chuma hugeuka kuwa ya kahawia iliyofifia. Rangi hiyo si doa la juu linaloweza kukwanguliwa. Ni metali iliyoingia ndani ya nta.

Kwa hiyo metali hukaa katika nta kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya chembe za vumbi, masizi au kutu zilizonaswa katika nta. Chembe hizi ni nzito kuliko nta, na nta inapoyeyushwa katika maji ya moto na kuachwa ipoe polepole, sehemu yake hushuka na kujikusanya chini ya bonge, ambako mfugaji huikwangua. Namna ya pili ni ya sabuni za metali zilizoyeyuka katika nta yenyewe. Hizi hazizuiliwi na kitambaa cha kuchujia wala hazishuki chini pamoja na mashapo. Nta iliyochujwa vizuri, yenye mng'aro na harufu nzuri, inaweza kuwa imeondolewa chembe zote huku sabuni za metali zikibaki ndani yake.

4.0 Njia ya kwanza: mazingira ya malisho

Nyuki wa asali hutafuta malisho hadi umbali wa takriban kilomita 3 kutoka mzingani, na mara nyingine zaidi. Duara la nusukipenyo hicho lina eneo la takriban kilomita 28 za mraba. Tukilichora duara hilo tukianzia Mikocheni, litagusa Mwenge, Kawe, Msasani na Kijitonyama, litakatwa na Barabara ya Mwai Kibaki na Barabara ya Bagamoyo, na upande wa mashariki litaingia Bahari ya Hindi, ambako nyuki hana malisho. Jina la mahali hapa limetokana na mikoche, na hadi leo nyuki wa eneo hili hupata maua ya minazi, miembe, mizambarau, miarobaini na miti ya bustani. Katika duara hilohilo limo eneo la viwanda vidogo la Mikocheni, zimo gereji za magari, na Mto Mlalakuwa unapita kuelekea baharini.

Nyuki hukusanya vitu vinne kutoka nje: mbochi, chavua, maji na utomvu wa kutengenezea gundi ya nyuki. Kila kimoja huweza kubeba metali. Chavua hupokea vumbi lililotua juu ya ua. Maji huchotwa mtoni, mtaroni au kwenye dimbwi la gereji bila nyuki kubagua. Gundi ya nyuki inanata, na pale utomvu wa miti unapokuwa haba nyuki huweza kuchukua lami au rangi isiyokauka. Mwili wa nyuki nao una vinyweleo vinavyovuta chavua, na vinyweleo hivyo hunasa vumbi pia. Nyuki huyo anapotembea juu ya sega huacha sehemu ya mzigo wake hapo. Vigamba vya nta huwa safi kwa kiasi kikubwa vinapotoka tezini, lakini sega likikaa hukusanya nyayo za maelfu ya nyuki, gundi na maganda ya pupa waliokulia humo. Ndiyo maana sega kuukuu la majana huwa jeusi na zito, na mtafiti hapaswi kulichukulia kuwa sampuli ileile na nta mpya ya vifuniko vya asali.

Kwamba mazingira ya Dar es Salaam yana metali hizi si dhana tupu. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu walichapisha katika jarida la Food Chemistry uchunguzi wa kadimiamu, shaba, risasi na zinki katika mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Mwaka 2010 Mwegoha na Kihampa walichapisha uchunguzi kuhusu metali nzito katika udongo wa kilimo na maji jijini humo. Tafiti hizo hazikuhusu nyuki, lakini zilihusu udongo, maji na mimea ya jiji ambalo nyuki hao hulishia. Aidha, risasi iliyokuwa ikiongezwa katika petroli ina historia yake. Azimio la Dakar la mwaka 2001 lilizitaka nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziiache petroli hiyo, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 uuzaji wake ulikuwa umekoma katika ukanda huo. Lakini risasi haiozi. Iliyotua katika udongo wa kando ya barabara hubaki humo, na huinuka tena pamoja na vumbi la kiangazi.

Tafiti za kwingineko zinaonesha kuwa nyuki huisoma historia ya namna hii. Nchini Australia, Zhou, Taylor na wenzao walichapisha mwaka 2018 matokeo ya uchunguzi wa nyuki, asali na nta kutoka Sydney na mji wa migodi wa Broken Hill. Walitumia uwiano wa isotopu za risasi kutambua chanzo, na wakahusisha sehemu ya risasi ya nyuki wa mjini na mabaki ya petroli ya zamani. Nchini Ufaransa, asali iliyorinwa Paris baada ya moto wa kanisa la Notre-Dame wa Aprili 2019 ilichunguzwa kwa njia ya aina hiyo, na ikabainisha mwelekeo ambao moshi wenye risasi ulielekea.

5.0 Njia ya pili: chombo cha kuyeyushia

Tafiti za nyuki kama kipimo cha mazingira huishia mara nyingi mzingani, kwa kuwa lengo lake ni kuujua mji. Mfugaji ana swali jingine: nta anayoinunua ina nini? Kati ya sega na karatasi ya nta kuna moto, maji, kitambaa na chombo, na hapa ndipo makala haya yanapoweka mkazo.

Vyombo vinavyopatikana kwa urahisi katika karakana na masoko ya jiji, kuanzia Gerezani hadi Temeke, ni vya aina chache. Ipo sufuria ya alumini iliyosubuwa na fundi kutokana na vyuma chakavu. Ipo ndoo ya bati lililopakwa zinki. Lipo debe, ambalo likiwa la zamani au limekarabatiwa, maungio yake yamezibwa kwa lehemu. Pipa la chuma lililokatwa hutumika pale nta inapokuwa nyingi.

Sufuria ya kusubu inastahili kuangaliwa kwa makini. Fundi huyeyusha kwa pamoja vipande vya injini, redieta, makopo na waya, na kilichokuwa katika kila kipande huingia katika sufuria. Mwaka 2017 Weidenhamer na wenzake walichapisha uchunguzi wa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Walichemsha ndani yake asidi hafifu inayofanana na ya chakula, na takriban theluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa risasi kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Uchunguzi huo ulihusu mapishi. Hata hivyo, mfugaji anayeyeyusha nta kwa maji aliyoyatia ndimu au siki ili nta itengane vizuri, naye anachemsha asidi hafifu katika chombo cha aina hiyohiyo, tena kwa muda mrefu, na juu ya maji hayo huelea nta yenye asidi zake huru.

Lehemu ya kawaida ya zamani ni mchanganyiko wa bati jeupe na risasi. Debe lililozibwa kwa lehemu hiyo, au kiyeyushio cha jua kilichoungwa nayo na fundi bati, huigusisha nta ya moto na risasi moja kwa moja. Ndoo iliyopakwa zinki hutoa zinki. Chombo kilichowahi kuyeyushia risasi ya betri kwa ajili ya chubwi hakifai kabisa kwa nta, hata kikisuguliwa kwa mchanga.

Jambo la kuzingatia ni kwamba njia hii haijali mzinga uko wapi. Nta iliyorinwa katika miombo ya Tabora, mbali na barabara yoyote, inaweza kufika Dar es Salaam ikiwa safi na kuchafuliwa saa moja kabla ya kuuzwa. Na kinyume chake, nta ya vifuniko iliyorinwa katika viunga vya jiji na kuyeyushwa katika chombo cha chuma kisichoshika kutu inaweza kuwa bora kuliko hiyo ya Tabora. Jina la mahali lililoandikwa kwenye gunia halitoshi kuwa ushahidi wa usafi.

6.0 Njia ya tatu: kurudiwarudiwa

Athari ya kurudiarudia inaelezeka vizuri kwa mfano wa kihesabu. Takwimu zifuatazo ni za kufafanulia tu, si vipimo vya maabara. Tuchukulie kwamba kila uyeyushaji huongeza miligramu 0.4 za risasi kwa kila kilo ya nta, na kwamba nta ileile inarudishwa mzingani na kuyeyushwa tena bila kuchanganywa na nta mpya. Baada ya mara 5 itakuwa na miligramu 2.0 kwa kilo. Sasa tuchukulie kwamba kabla ya kila uyeyushaji nusu ya nta ya zamani inaondolewa na kujazwa nta mpya isiyo na risasi. Viwango vitakuwa 0.4, kisha 0.6, 0.7, 0.75 na 0.775, na havitazidi 0.8 hata mzunguko uendelee miaka mingi. Chombo ni kilekile na kosa ni lilelile. Tofauti imeletwa na kiasi cha nta mpya kinachoingia katika mzunguko. Mzinga wa gogo, ambao nta yake haikurudi, ulikuwa na kinga hii bila mtu kuikusudia.

Sokoni mzunguko huu huongezewa uchanganyaji. Mnunuzi akichanganya kilo 5 za nta yenye miligramu 20 za risasi kwa kilo na kilo 95 za nta yenye miligramu 0.1, bonge lote la kilo 100 litakuwa na takriban miligramu 1.1 kwa kilo. Bonge hilo linaweza kupita katika kipimo, ilhali wafugaji waliotoa zile kilo 95 wamerudishiwa nta yenye risasi mara 11 zaidi ya waliyoileta.

Zipo pia kazi nyingine za jiji zinazotumia nta. Watengenezaji wa batiki huchanganya nta na mafuta mazito ya taa, huipaka kwenye kitambaa, na baada ya kutia rangi huichemsha ili itoke na kutumika tena. Nta iliyopitia huko imekutana na rangi za viwandani, na baadhi ya rangi hizo zina metali. Ikiuzwa tena kama nta ya nyuki na kufika mzingani, mfugaji hana namna ya kuujua ukoo wake kwa macho.

7.0 Kwa nini nyuki wenyewe hawatoshi kuwa mashahidi

Mfugaji huweza kusema kwamba nyuki wake wana afya, hivyo nta yake haina tatizo. Hoja hii inahitaji kujibiwa kwa uangalifu, kwa sababu kwa baadhi ya metali ina ukweli ndani yake. Mwaka 2016 Hladun na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walichapisha jaribio ambalo makundi madogo ya nyuki yalilishwa shira na chavua vilivyotiwa kadimiamu, shaba, risasi au seleniamu, kwa viwango vilivyowahi kuripotiwa katika mizinga ya maeneo yaliyochafuka. Makundi yaliyopewa kadimiamu au shaba yalikuwa na pupa wengi zaidi waliokufa ndani ya vijumba vilivyofunikwa. Risasi ilikuwa na athari ndogo kwa utendaji wa kundi, ingawa nyuki wengi walikuwa wameilimbikiza mwilini.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa mjadala wetu. Metali inayotia hofu zaidi kwa mtoto wa binadamu ndiyo ambayo kundi la nyuki huweza kuivumilia bila dalili ya wazi. Shirika la Afya Duniani linashikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mwaka 2010 kamati ya pamoja ya wataalamu wa shirika hilo na FAO kuhusu viongezo vya chakula ilikiondoa kiwango cha ulaji wa risasi kilichokuwa kikikubaliwa hapo awali. Katika jamii zetu sega hutafunwa pamoja na asali yake, na watoto ndio wanaolipenda zaidi. Nta hupakwa pia midomoni na mikononi ikiwa imechanganywa na mafuta. Mzinga wenye nyuki wengi na wakali, kwa hiyo, ni ushahidi wa wingi wa malisho na uhodari wa mfugaji, lakini si ushahidi kwamba nta yake haina risasi.

8.0 Viwango na namna ya kupima

Asali ina masharti yanayoeleweka. Kiwango cha juu cha risasi katika asali kwa soko la Umoja wa Ulaya ni miligramu 0.10 kwa kilo. Nta inayotumika kama kiongezo cha chakula, yenye namba E 901, iliwekewa na Kanuni ya Umoja huo Na. 231 ya mwaka 2012 ukomo wa miligramu 2 za risasi, 3 za aseniki na 1 ya zebaki kwa kilo. Masharti hayo yanahusu nta iliwayo. Hayakuandikwa kwa ajili ya karatasi ya nta inayowekwa mzingani, ambayo nyuki wataijengea juu yake na kuweka ndani yake asali ileile yenye ukomo ulio mdogo mara 20. Mwaka 2020 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitathmini nta ya ufugaji iliyoghushiwa kwa parafini na stearini. Hatua hiyo ilidhihirisha kwamba nta ya ufugaji inaweza kutazamwa kama suala la usalama linalojitegemea.

Upimaji wa nta una ugumu wake. Nta haichanganyiki na maji, na huhitaji kumeng'enywa kwa asidi ya naitriki pamoja na haidrojeni peroksaidi katika chombo kilichofungwa kabla ya kupelekwa kwenye mashine ya kupima metali. Kuichoma iwe majivu ni rahisi zaidi, lakini zebaki yote hupotea hewani, na moto ukizidi kadimiamu na risasi nazo hupungua. Maabara iliyozoea asali haiwezi kuhamishia utaratibu wake kwenye nta bila kuuthibitisha upya kwa sampuli zilizoongezwa kiasi kinachojulikana cha metali.

Zaidi ya mashine, kinachoamua thamani ya matokeo ni mpango wa sampuli. Kutoka kila mzinga zichukuliwe nta mpya ya vifuniko na sega kuukuu la majana. Kila mojawapo igawanywe mara mbili: nusu iyeyushwe maabara katika kioo, na nusu iyeyushwe na mfugaji mwenyewe kwa chombo na maji anayotumia siku zote. Tofauti kati ya vifuniko na sega kuukuu, zote zikiwa zimeyeyushwa katika kioo, itaeleza mchango wa mazingira na umri wa sega. Tofauti kati ya kioo na sufuria, kwa nta ileile, itaeleza mchango wa chombo. Gundi ya nyuki ichukuliwe pia, kwa kuwa inanasa vumbi na hivyo husaidia kueleza hali ya hewa ya mahali. Mizinga ipangwe kwa mfululizo kutoka maeneo yenye msongamano kama Mikocheni na Chang'ombe hadi pembezoni mwa misitu ya Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe, na sampuli zichukuliwe kiangazi na baada ya masika, kwa kuwa mvua huosha vumbi la majani na kubadili maji ambayo nyuki huyachota. Bila mgawanyo huu, mtafiti atakayekuta risasi katika nta ya Mikocheni atailaumu barabara, na huenda lawama ikawa ya sufuria.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yamefafanua kwamba metali nzito hufika katika nta ya ufugaji kwa njia tatu zinazofuatana: malisho ya nyuki, chombo cha kuyeyushia na kurudiwarudiwa kwa nta katika mizinga. Njia ya kwanza iko nje ya uwezo wa mfugaji mmoja, kwani hawezi kuisafisha mito ya jiji wala kuwachagulia nyuki dimbwi la kunywea. Njia ya pili na ya tatu zimo mikononi mwake na mwa anayemuuzia nta.

Kutokana na ufafanuzi huo, makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, nta ya kutengenezea karatasi za kuwekwa mzingani na ya kupaka viunzi itokane na vifuniko vya asali na masega mapya. Nta ya masega makuukuu ielekezwe kwenye kazi zisizohusu chakula, mwili wala kuchomwa ndani ya nyumba, kama vile kung'arisha mbao. Pili, vikundi vya wafugaji vimiliki kwa pamoja chombo kimoja cha chuma kisichoshika kutu, kitumike kwa nta tu. Gharama ya chombo hicho ni kubwa kwa mtu mmoja lakini inabebeka kwa kikundi. Tatu, nta iliyopitia katika batiki au kazi nyingine isirudishwe mzingani kwa hali yoyote. Nne, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, unaowahudumia wafugaji nyuki, waitambue nta ya ufugaji kuwa bidhaa inayojitegemea na kuiwekea ukomo wa metali unaozingatia asali itakayohifadhiwa juu yake.

Kwa upande wa utafiti, hatua inayofuata ni kuutumia mpango wa sampuli ulioelezwa katika sehemu ya 8.0. Matokeo yake yataonesha iwapo fedha kidogo za wafugaji zielekezwe kwanza katika kuhamisha mizinga au katika kubadili sufuria. Kwa mfugaji wa viunga vya Dar es Salaam hayo ni maamuzi mawili yenye gharama tofauti kabisa, na kwa sasa anayafanya kwa kukisia.